Kampuni Mama Yamwachisha Ziwa Kibodi

Ilitangazwa rasmi, kwa kipaza sauti na mbele ya watumishi wote, kwamba Kampuni Mama ya Kompyuta, baada ya tafakuri pana na chai ya vikao kumi na vinne, imeamua kumwachisha ziwa mtoto wake, Idara ya Kibodi. Mtoto atapewa jina lake, nembo yake na uhuru wake kamili. Atapewa pia ghala la nyuma, lile linalovuja, ili akomae.

Katibu muhtasi wa Mkurugenzi Mkuu alipiga makofi kama wenzake, ila aliacha mapema kuliko wao. Mdogo wake alikuwa fundi huko huko kwenye kibodi. Kazi yake kubonyeza kila herufi kabla boksi halijafungwa. Na ghala lile kila mtu alilijua: vitu hupelekwa pale vife taratibu, bila kelele.

"Dada, huku ni kutupwa," mdogo mtu alimwambia kwenye ngazi. "Wametufungia utepe tu."

Alasiri Mkurugenzi alimwita katibu aandike waraka. Mwenyewe hakuwahi kugusa kibodi. Kwa miaka kumi na tisa yeye alitamka, katibu akachapa. Alizunguka meza, mikono nyuma, akatamka kifungu cha pili: kila mtumishi ambaye kazi yake ni kubonyeza kibodi atahamia kampuni mtoto, na kibodi zote ni mali ya mtoto.

Katibu alisimamisha vidole. "Kubonyeza, mzee, au kutengeneza?"

"Andika nilivyosema. Waraka haubishani na mtu."

Basi akaandika alivyosema, neno kwa neno. Mkurugenzi akagonga muhuri kwa mkono wake mwenyewe, akapuliza wino ukauke.

Jumatatu waraka ulitekelezwa kwa utii wa kupigiwa mfano. Wahasibu walikwapua kibodi zao wakaenda ghalani. Wahandisi wakafuata. Mlinzi wa getini, anayeingiza majina ya wageni kwenye kompyuta, naye akabeba kiti chake. Katibu aliacha funguo za ofisi mezani, kwa heshima zote. Kufikia saa nne Kampuni Mama ilibaki na mtumishi mmoja, na huko ghalani wahandisi wawili walikuwa wameshapanda juu kuziba paa.

Mkurugenzi alitamka waraka wa kufuta waraka. Hakuna aliyechapa. Akautamka tena, kwa sauti kubwa zaidi, kisha akashuka ghalani kuomba aazimwe kibodi, kidogo tu. Mdogo mtu akampa, na stuli mbele ya kompyuta yake ya ukaguzi.

Kuitafuta W peke yake kulimfikisha saa sita. A aliipata, ikampotea, akaipata tena. Watu walipita wakimwamkia. Saa kumi na moja jioni alikuwa amefika "Waraka unafut", na jasho linamtiririka, ndipo katibu alipomletea daftari la mahudhurio.

"Weka sahihi hapa, mzee."

"Ya nini?"

"Umebonyeza kibodi kutwa nzima. Kifungu cha pili."

"Mimi ni Mkurugenzi Mkuu."

"Waraka haubishani na mtu, mzee."

Akaweka sahihi. Kesho yake alipangiwa kukagua herufi, chini ya mdogo mtu, ambaye kwa huruma alimwanzisha na W, maana hiyo alikwisha kuijua.