Malalamiko ya Fundi Cherehani Aliyepewa Alama Hamsini na Nane Bila Kujiandikisha

Kwa Mkuu wa Idara ya Biashara za Kijamii,
Chuo Kikuu.

Mheshimiwa Mkuu,

Pokea salamu kutoka dukani kwangu, na uniwie radhi kwa karatasi hii. Ndiyo ninayochorea suruali kabla ya kukata kitambaa. Mimi ni fundi cherehani. Hatujawahi kuonana, ila kisogo changu unakijua, maana kilionekana kwenye somo lenu muhula mzima.

Mpwa wangu ni mwanafunzi wako. Somo lenu mnalifundisha pamoja na chuo cha ng'ambo, kwa skrini, na kwa kuwa mtandao wa nyumbani unasuasua, mtoto aliomba akae na kompyuta yake dukani, kwenye meza ya kukatia. Nikakubali, mtoto wa dada ni wako. Basi wenzake wa ng'ambo wakawa wanatuona nyuma yake: mimi nikishona, na majirani wakija kutumia cherehani ya pili, iliyokuwa ya marehemu mama yangu, kujishonea vitu vyao bure. Profesa wa huko akauliza hiyo ni biashara ya namna gani. Darasa likachangamka, duka langu likafanywa kazi ya muhula, na mwisho wa muhula likapewa hamsini na nane kwa mia.

Hapo ndipo yanapoanza malalamiko yangu.

1. Sikujiandikisha. Mtu hapewi alama za mtihani ambao hakujua kuwa anaufanya. Mimi nilidhani nashona. Profesa aliponiuliza kwa nini siwatozi majirani, nilimjibu, "Sasa niwatoze nini?" Nikajiona nimejibu vizuri. Kumbe lilikuwa swali la alama ishirini, nami nimeambulia nne.

2. Kinyozi tunayetazamana naye amepata sabini na moja. Huyu alisikia wanafunzi wanatafuta duka la kulinganisha na langu, akaja mbio na taulo begani, akawaambia kazi yake ni kupunguza upweke wa wanaume. Mheshimiwa, wale wanaume hawana upweke wowote, wamekimbia kazi za nyumbani. Kinyozi hajinyoi, lakini huyu amejisifu mwenyewe na mkamwamini. Alama zake kazibandika kwenye kioo. Mimi mtaa mzima unaniita Hamsini na Nane. Hata shemeji yangu, kwa simu: "Hamsini na Nane, suruali yangu vipi?"

3. Saa za somo nilikatazwa kazi. Mpwa alikuwa akininong'oneza, "Mjomba, usikanyage, profesa anaongea," nami nasimamisha mguu. Bibi harusi mmoja almanusura aolewe na gauni la mkono mmoja.

4. Hili ndilo linaloniuma. Nilitaka kupandisha alama, nikayafuata maoni yenu neno kwa neno. Mliandika kwamba mmiliki hawezi kueleza anavyobadilisha maisha ya watu. Nikaweka utaratibu: kabla jirani hajagusa cherehani ya mama, aeleze kwanza maisha yake yatabadilikaje. Wa kwanza alikuwa mama wa mapacha, kashika sketi ya shule. Akanitazama weee. "Maisha yangu hayana neno, fundi. Kilichokufa ni zipu." Akaondoka. Wenzake wakasikia, wakaacha kuja. Sasa cherehani ya mama imefunikwa shuka, duka limepoa, na mke wangu, ambaye ndiye huwaelekeza majirani kuweka uzi, ananijibu "mh" tu. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wangu wamekuja kwa skrini, na mwenyeji ndiye kaugua. Nina huzuni, Mheshimiwa, sifichi.

5. Aliyepewa alama ni mwanafunzi, na mwanafunzi ana haki zake. Naomba kitambulisho, likizo, na joho. Joho nitalishona mwenyewe, msihangaike. Aidha, nasikia wanafunzi wa vyuo hivi viwili hubadilishana. Nami niende ng'ambo muhula mmoja, profesa aje hapa apinde suruali. Na kwa kuwa ushirikiano ni wa pande mbili, nimempa na yeye alama: mabega ya koti lake yamelegea, mkono wa kushoto umezidi wa kulia. Arobaini na moja, na hapo nimemwonea huruma.

Kwa hiyo naomba kazi yangu isahihishwe upya nipate walau sabini na mbili. Ikishindikana, ushirikiano huu uvunjwe, kila chuo kibaki kwao.

Nisalimie walimu wote, katibu wako aliyepokea simu zangu kwa upole kila nilipopiga, na profesa pamoja na koti lake.

Wako mtiifu,
Fundi, mwanafunzi asiyejiandikisha.

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, mama wa mapacha kaingia. Hakunisalimia. Kaifunua cherehani ya mama, kaketi, na zipu ilipomsumbua, mke wangu akaenda kumshikia kitambaa. Sasa wanacheka wote wawili, nadhani wananicheka mimi. Mpwa kaniuliza, "Mjomba, nimuulize maisha yake yatabadilikaje?" Nimemwambia amwache mama wa watu ashone. Mke wangu kanigeukia, kaniuliza kama nimekula. Basi, Mheshimiwa, alama zangu ziacheni zilivyo. Somo likianza tena, mtoto aje, meza nimeisogeza karibu na dirisha mpate kuona vizuri. Ila za kinyozi zipunguzeni.