Picha ya Mimi Nikimuwaza Mke Wangu

Jumatano, tarehe 5 Machi
Wiki ya pili sasa mke wangu yuko kwa dada yake. Sababu: eti najifikiria mimi tu. Mimi! Jumanne atapasuliwa uvimbe wa shingo, na anasema anataka kukaa na mtu anayekumbuka kwamba anaumwa. Nimeumia sana. Kibandani kwangu nimechonga funguo sita, mbili zimegoma kufungua.

Lakini chuo kinatafuta watu wa kupigwa picha za ubongo! Nimekwenda. Mtafiti, dada mmoja mpole, kanieleza kwamba nyuma ya paji la uso kuna sehemu inayochangamka zaidi mtu akijiwaza mwenyewe kuliko akimuwaza mtu baki. Ila akimuwaza mtu wake wa karibu sana, tofauti hupungua. Ushahidi huo! Nikipata picha inayoonyesha mimi na mke wangu tunakaa mahali pamoja kichwani, shemeji atasema nini?

Alhamisi, tarehe 6
Waliposikia nachonga funguo, wakanipiga eksirei ya macho. Mashine yao ni sumaku. Chembe ya chuma jichoni ni balaa. Macho safi. Mwalimu mstaafu aliyenitangulia kasifiwa kwa kutulia. Tangu lini kutulia ni kipaji?

Mpango wangu: nikiulizwa kuhusu mke wangu, nitajiwaza mimi. Sehemu itachangamka. Nani atajua?

Ijumaa, tarehe 7
Ndani ya bomba la ile mashine. Kelele za mtu anayegonga mabati. Maneno yanatokea kiooni, nabonyeza ndiyo au hapana: kwanza kuhusu mimi, kisha mke wangu, kisha mtu baki. Mambo yakaenda vizuri. Mke wangu mvumilivu? Nikawaza ninavyomvumilia. Mwoga? Nikakumbuka nilivyotetemeka siku daktari alipoutaja uvimbe wake.

Mtafiti katoka kakunja uso. Picha zote zimeharibika. Kila sifa nzuri iliponihusu, niliitikia kwa kichwa! Mwalimu mstaafu hakutikisika hata kidogo. Nimemchukia mzee wa watu bure.

Mtafiti kaniambia pia kwamba hata ingetoka safi, picha ya mtu mmoja haithibitishi mapenzi. Wao hulinganisha watu wengi. Nikitaka kujua mke wangu anahitaji nini, nimuulize. Wasomi hawa wanarahisisha mno mambo.

Jumapili, tarehe 9
Nimekwenda kumwona. Shemeji kafungua mlango nusu. Mke wangu amekonda, sauti inakwaruza. Nikamweleza bomba, sumaku, paji la uso, fitina za yule mwalimu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema hataki picha. Anaogopa hatazinduka. Anachotaka ni kuniona mlangoni Jumanne saa mbili asubuhi, wakimsukuma kumwingiza chumba cha upasuaji. Basi, hilo tu.

Nikamshika mkono. Nililia, sifichi. Nampenda huyu mwanamke, na kumkosa kunanitisha kuliko kitu chochote. Nikaapa nitakuwepo.

Njiani mtafiti kapiga simu. Imebaki nafasi moja ya kurudia. Jumanne, saa mbili asubuhi.

Jumanne, tarehe 11
Nimetulia kama jiwe! Mtafiti mwenyewe kashangaa. Mwalimu mstaafu atafute shughuli nyingine.

Nilipima vizuri kabla ya kuamua. Kuonekana mlangoni ni dakika moja na imepita. Picha inakaa miaka. Akizinduka ataikuta kando ya kitanda.

Nilipotoka saa sita, picha mkononi, simu yangu ilikuwa imepigwa mara kumi na moja, zote shemeji. Nikampigia. Mke wangu amezinduka salama. Nikakaa sakafuni, nikamshukuru Mungu kwa sauti. Shemeji akasema wauguzi walichelewa robo saa kumwingiza, kwa sababu aliwasihi wasubiri, shingo kaigeuzia mlangoni.

Nikamwambia ampe pole, na amweleze kwamba hata mimi robo saa hiyohiyo nilikuwa nimelala ndani ya bomba, sikugeuza shingo hata kidogo.

Simu ikakatika. Mtandao wa hospitali ile ni mbovu.