Uzinduzi wa Zahanati ya Wapishi wa Sabuni

Mheshimiwa mgeni rasmi, ambaye hakuweza kufika lakini gari lake limefika. Waheshimiwa wajumbe wa bodi. Wanahisa wetu watukufu mliokaa kivulini. Mameneja, manaibu mameneja na makaimu wa manaibu hao. Majirani mnaovuta moshi wetu bila malipo. Na nyinyi wapishi wa sabuni mliosimama juani: itifaki imezingatiwa. (Makofi kutoka kivulini.)

Ndugu zangu, kuna watu, sitawataja, wanaouliza kampuni hii ipo kwa ajili ya nani. Swali hilo mimi Mwenyekiti wenu nimelivalia njuga, nimelifanyia upembuzi yakinifu, nikaliingiza kwenye strateji, na leo natamka bila kumung'unya maneno kwamba zama za kumtumikia mwanahisa peke yake zimepitwa na wakati, kwani kwa mujibu wa kopoleti gavanansi ya kisasa kila mdau ni stekiholda na kila stekiholda ni mdau. (Makofi. Mwanahisa mmoja anaamshwa.)

Ndiyo maana niliunda Kamati ya Kuwasikiliza Wafanyakazi, yenye wanahisa watano makini, ambayo imekaa vikao kumi na saba, na katika vikao vyote hivyo hakuna mfanyakazi hata mmoja aliyelalamika. (Sauti: "Kwani tulialikwa lini?") Asante kwa mchango wako. Kuridhika kwenu kumefikia asilimia mia na nne.

(Mpishi mmoja, mkono umefungwa kitambaa, anasogea mbele. "Mheshimiwa, magadi yamenirukia tangu asubuhi. Mkono unawaka moto! Nifungulieni tu, dawa si zimo humo?")

Mnaona? Dada yangu huyu ni ushahidi hai kwamba huduma inahitajika! Inaniuma sana. Lakini vumilia kidogo, dada, mlango haufunguliwi kabla ya utepe kukatwa. Mpiga picha, mchukue hapo hapo, mkono uonekane. Na mtazameni nesi wetu pale dirishani, tangu asubuhi anatabasamu na hajasogea hata hatua moja. Hiyo ndiyo nidhamu! (Mpishi anamwita nesi. Nesi haitiki. Mpishi anaanza kugonga.)

Sasa tuseme wote: Kampuni! (Wapishi wanafuta jasho.) Nasema, Kampuni! ("Yetu sote," wanajibu walio kivulini.) Afya ya mfanyakazi! ("Kwanza!") Faida! (Shangwe ndefu kivulini.)

Kwa kumalizia, naishukuru bodi, nawashukuru wanahisa ambao ripoti yao ya mwaka sasa itakuwa na picha nzuri ya jalada, naishukuru familia yangu kwa kunivumilia, na kwa namna ya pekee namshukuru fundi rangi wetu, ambaye kwa siku moja tu ameuchora ukutani mlango huu, na dirisha, na nesi mwenyewe.

Na wewe, dada, hebu acha kugonga. Rangi haijakauka.