Jiwe la Babu Baharia

Jumatatu, 3 Machi
Idara ya lugha imebakiza nafasi moja ya kudumu. Tuko vibarua wawili, mimi na mwenzangu nimwitaye Miwani. Tunagawana meza, hatugawani salamu. Profesa ametangaza: atakayeleta ushahidi mpya wa asili ya *saiwiz, neno la Wagermani wa kale la bahari na ziwa, kazi ni yake. Asili yenyewe hakuna aijuaye. Miwani anadai waliliazima kwa wenyeji waliowakuta huko kaskazini. Mimi nadai lilikuwa lao tangu mwanzo. Ushahidi sina. Uso mkavu ninao.

Jumanne, 4 Machi
Nimepata wazo! Jiwe la kale lenye neno lenyewe, kongwe kuliko hao wenyeji wa Miwani. Shemeji yangu huchonga majina ya makaburini. Nimemwandikia neno kwenye karatasi kwa herufi za kale, safi kabisa. Akauliza hii nyota ya mbele ni ya nini. Nikamwambia achonge alichopewa, asinifundishe kazi.

Jumatano, 5 Machi
Jiwe tayari. Nimelipaka majani ya chai na masizi, limezeeka kuliko mama mkwe. Mke wangu anauliza sufuria yake imekwenda wapi. Nimenuna. Nitasema ni urithi wa babu, baharia wa siku nyingi. Babu alikuwa fundi cherehani, lakini hayupo wa kunibishia.

Alhamisi, 6 Machi
Nimelifunua mbele ya idara nzima. Miwani kapauka, roho yangu kwatu. Profesa akainama, akatazama, akaniuliza kwa upole kama najua kazi ya nyota. Nikajibu kwa madaha: tunaitia sisi wataalamu mbele ya neno tulilolikisia tu, ambalo halijawahi kukutwa limeandikwa popote. Akauliza sasa huyo mchongaji wa kale alijuaje kwamba tutakuja kulikisia.

Nilichelewa kuelewa. Miwani aliwahi. Alicheka mpaka akakalia begi langu. Nimeaibika, jamani, nilitamani ardhi ipasuke.

Ijumaa, 7 Machi
Kazi kapewa Miwani. Profesa kanihurumia: nibaki kibarua mwaka mmoja, niombe radhi kwa barua, na jiwe nilitupe. Barua nimeiandika nikilia, machozi ya kweli. Nimeapa kuwa mtu mpya.

Mwakani wanatafuta mtaalamu wa lugha za kale za mashariki. Shemeji kaja na nyundo, kauliza alivunje jiwe sasa hivi? Nimemwambia asithubutu! Upande wa pili bado mtupu.