Majogoo wa Chole Katika Spika Tano

Jumanne, 6 Agosti 2024

Dada Biubwa anakuja keshokutwa. Kila mwaka huja, hulala usiku mmoja, asubuhi ameshafunga mzigo anarudi zake kijijini kwetu Chole. Sababu naijua: malori ya viwanda vya Zegereni, yanayopita hapa nje usiku kucha. Aliyezoea majogoo atalalaje na honi? Mimi mwenyewe nilitoka Chole kijana, nimezeekea hapa Maili Moja, na sijazizoea.

Mwaka huu atakaa wiki nzima. Nina mpango! Mwezi wa sita nilirekodi alfajiri ya Chole kwa simu: majogoo, mchi kinuni, mtu anakohoa akienda kisimani. Leo nimenunua spika tano na besi yake. Nitamzungushia Chole pande zote.

Jirani Hilario, mwalimu wa kwaya, aliona maboksi yakishuka kwenye bajaji. Akauliza kama nafungua baa. Nikamwambia ni sayansi. Akasema kwaya yake nzima inatoshwa na spika moja. Ndiyo maana waimbaji wake wa besi hawasikiki!

Jumatano, 7 Agosti

Nimesoma maelekezo jalada hadi jalada. Nyuma ya kompyuta kuna tundu la sauti ya dijitali, linatoa mwanga mwekundu. Sauti inasafiri kama mwanga! Waya wake ni mwembamba kama mrija, na ncha zake zimevishwa vifuniko vidogo vya plastiki. Watengenezaji waangalifu. Nami ndivyo nilivyo: makochi yangu yamo ndani ya nailoni, rimoti imo ndani ya nailoni, godoro la wageni halijaguswa na vumbi tangu litoke dukani. Kitu kipya hakivuliwi.

Nikachagua sauti ya dijitali kwenye kompyuta. Nikachomeka waya. Ukakataa kuingia sawasawa. Nikausukuma, nikaufunga kwa selotepu. Kimya. Nikaongeza sauti. Kimya.

Hilario akachungulia juu ya ukuta, akauliza mbona haisikiki hiyo sayansi. Nikamjibu inataka masikio yaliyosoma.

Alhamisi, 8 Agosti. Nane Nane

Spika bado bubu. Biubwa akafika na muhogo wake. Nikamwamkia. Akaitazama sakafu.

“Marahaba. Siku hizi unakula nini, Latifu? Nyaya?”

Akakaa kwenye kochi. Likalia kwarakwara. Akainuka, khanga imemganda mgongoni. Akasema yeye si mkate, hakai ndani ya mfuko. Kabla sijajibu, nailoni imechanwa! Kochi la pili. La tatu. Nikapiga kelele. Akauliza makochi haya nimeyanunua niyakalie au niyazike. Akaingia chumba cha wageni. Nikasikia nailoni ya godoro ikichanika, na moyo wangu nao.

Kisha akaifikia kompyuta. Akabandua selotepu, akachomoa waya.

“Na hiki kikofia cha nani?”

Akaking'oa kwa meno. Na cha upande wa pili. Akarudisha waya: tak!

Jogoo akawika nyuma ya kabati. Wa pili akamjibu dirishani. Mchi ukatwanga chini ya miguu yetu. Hilario akaja mbio kuuliza kuku ni wa nani. Nikamweleza nimefanya marekebisho madogo ya kitaalamu. Biubwa akanitilia vile vikofia viwili kiganjani.

Kikohozi kilipofika, akacheka mpaka akafuta macho. “Huyo Pazi! Dawa kaletewa, hataki kunywa.” Mimi nikageukia dirisha. Kilichokosekana ni harufu ya umande tu.

Ijumaa, 9 Agosti

Alfajiri nikamwashia majogoo. Akaniamuru nizime, majogoo amewaacha kwao makusudi. Lakini hajafunga mzigo! Anasema amelala kama mtoto. Na malori? Anasema yanambembeleza. Eti miaka yote kilichomfukuza ni godoro: kila akigeuka, kama mtu anafungua pakiti ya biskuti sikioni mwake.

Maneno ya uzeeni. Ni spika. Sauti nzuri humwingia mtu bila mwenyewe kujua.

Jumapili, 11 Agosti

Bado yupo! Hilario alileta rekodi ya kwaya yake, akaomba kwa unyenyekevu nimpigie. Waimbaji wa besi wakasikika, kumbe wapo. Alikaa mikono magotini. Biubwa akampa muhogo wa nazi, akamwambia ale, asiiogope sayansi. Makochi yote yalikuwa na watu, kwaya na vicheko pamoja. Muda mrefu nyumba hii haijawa hivi.

Jumatatu, 12 Agosti

Biubwa amekwenda sokoni. Nikapata nafasi ya kuiweka nyumba vizuri. Nimenunua nailoni mpya, nene kuliko ile. Nimevisha makochi, nimevisha godoro chini ya shuka, kwa ustadi, hatajua. Vile vifuniko viwili nilivihifadhi kwenye bakuli la sukari. Nimevirudisha kwenye waya, na selotepu juu. Vumbi la barabara hii halina huruma.

Jumanne, 13 Agosti

Biubwa kaamka na macho mekundu. Mzigo umefungwa. Anaondoka baada ya chai. Nikakimbilia majogoo wamzuie. Kimya! Spika zote tano, na besi.

Biubwa alipopanda bajaji, Hilario akaniuliza kimetokea nini. Malori, nikamjibu.

Nimetafakari kwa utulivu. Waya ule ulikuwa mbovu tangu mwanzo, na spika tano ni chache. Nimeagiza waya mpya na spika mbili za ziada. Mwenye duka aliuliza kama auchomoe kwenye pakiti aujaribu kwanza. Nikamwambia asithubutu.