Maiti Aliyejibu Utani

Leo nimeaibika jamani, tena nikiwa marehemu. Nyie mliopelekwa kuvuna mahindi ya shule mtasimuliwa mengi jioni hii, kwa hiyo nisikieni mimi kwanza.

Mnaijua ile tamthilia ya Kiingereza ya mtihani, ambamo wafalme wanakufa hovyo. Shule nzima tuna kitabu kimoja, kilikuja na treni kutoka Tabora. Basi asubuhi Mwalimu Tito akatangaza: leo tunaigiza, na atakayelitoa darasa machozi anakwenda nacho likizo. Likizo nzima! Mtihani wa taifa unakuja, na Kiingereza changu mnakijua. (Msicheke bado.) Nikakitamani kitabu kile kuliko wali wa Pasaka.

Nikaomba kuwa mfalme anayekufa kwa sumu. Wenzangu wakataka kura ipigwe.

"Vyama vingi viko huko nje," Mwalimu akasema. "Hapa mfalme namteua mimi. Deo, kufa wewe."

Nikafa. Yaani nilikufa vizuri! Nikanywa sumu (togwa), nikapepesuka, nikaangukia meza ya mwalimu. Wafalme wa Kiingereza wakinywa sumu wanahutubia kwanza, basi na mimi nikahutubia, nusu nimekariri, nusu nimejitungia. Pili, malkia wangu, akanifunika kitenge na kuangua kilio. Nikasikia mtu anavuta kamasi. Moyoni nikasema, kitabu hicho!

Ndipo Mama Kabula, mpishi wetu, akapita dirishani na sufuria lake. Akasikia kilio, akaona miguu yangu imechomoza.

"Nani kafa?"

"Deo, mama," Pili akajibu. "Ni mchezo tu."

"Mchezo nini! Mfipa wangu anakufa, mimi siitwi?"

Mnajua yeye ni Mnyamwezi, mtani wangu. Na mtani akifika msibani halii, anafanya kazi yake ya kumtania marehemu. Akaingia, akajilaza mezani ubavuni kwangu, akakoroma kwa nguvu. "Ndivyo marehemu alivyokuwa anajisomea," akawaambia. Nikang'ata ulimi. Akasema ukoko wa jikoni sasa umebaki yatima. Nikavumilia (tumbo linatikisika). Kisha akauliza, "Lakini Mfipa anakufaje kwa sumu ya Kiingereza? Si angepanda radi yake, usafiri wa Wafipa, akarudi kwao Sumbawanga?"

Jamani, utani wa namna hiyo haujibiwi kesho. Nikaketi, kitenge kichwani.

"Bora radi yangu kuliko michembe yenu! Viazi vikavu, mnavitafuna wiki nzima na bado havijalainika!"

Darasa likalipuka. Pili akaanguka chini ya dawati. Mwalimu Tito akavua miwani, machozi yanamtiririka. Nikajaribu kulala nife tena kimyakimya, lakini nani atamlilia maiti aliyekwisha kutukana?

"Sharti lilikuwa machozi," Mwalimu akasema alipopata pumzi. "Na machozi yametoka."

Nikanyoosha mkono. Akanipita, akampa kitabu Mama Kabula!

Sasa kitabu kipo jikoni, kwenye rafu ya chumvi, na likizo kitahamia nyumbani kwake, mtaa wa Kashaulili. Nimekwenda kukiomba. "Chambua maharage kwanza, marehemu," amenijibu. Nimechambua ungo mzima, nimesoma mpaka kifo cha pili, na kwa utani wake juu ya kila maiti nimecheka kuliko siku zote za muhula huu.

Ila ukitaka kufa na heshima yako, hakikisha kwanza mtani wako hapiti dirishani.