Bukta Niliyoishona Mwenyewe na Kijito cha Ntalikwa

Leo nimedhalilika mbele ya kwaya nzima, na kilichonidhalilisha nimekishona kwa mikono yangu. Nawaandikia mapema kabla hamjasikia kwa mtu mwingine, maana nimeona simu nyingi zikinielekea, na hapa Tabora habari haihitaji bando.

Kwa msionifahamu, naitwa Kulwa. Ni fundi cherehani, kibanda changu kipo Kanyenye. Pacha wangu ni Doto, wa kike. Wote wawili tunaendesha baiskeli. Doto anaendesha kwa sababu anaweza. Mimi naendesha kwa sababu daktari alilitazama tumbo langu, halafu akaniuliza kama nina baiskeli.

Mwaka huu wapenda baiskeli wa hapa mjini tumeanzisha mbio za matopeni. Mambo yenyewe ni rahisi kueleza. Mnazunguka mashambani huko Ntalikwa, nje ya mji, msimu wa mvua, raundi nne. Pakipitika, unaendesha. Pasipopitika, unashuka, unaiweka baiskeli begani, unakimbia nayo, unapanda tena. Kuna magogo ya kuruka, matuta ya majaruba ya mpunga, na kijito cha kuvuka. (Ukimweleza mtu yeyote mwenye akili timamu, anakuuliza mnalipwa shilingi ngapi. Hatulipwi.)

Timu yetu ina watu watano, inaitwa Kokoto. Wiki mbili zilizopita tulikaa kikao kuhusu tatizo moja tu: siti. Siti za baiskeli zinaumiza, na raundi nne kwenye mashimo si mchezo. Hamisi, ambaye ni muuza nyama na ndiye mkubwa kuliko sote kwa umbo, alisema yeye Jumatatu iliyopita aliuza nyama siku nzima akiwa amesimama, si kwa kupenda.

Nikawaambia, niachieni mimi.

Nikachukua godoro la zamani, nikakata sponji. Nikaishona katikati ya vitambaa viwili. Ndani nikaweka kitambaa laini kinachovutika. Nje nikaweka kitambaa cha mwavuli, ili matope yasipenye. Kwenye mapaja nikatia lastiki mbili mbili, zinazobana, ili maji yasiingie kwa chini. Kiunoni nikapitisha kamba ya kufunga. Mishono yote nikaipiga mara tatu. Bukta tano.

Doto alikuja kibandani, akaishika moja, akaibonyeza kwa kidole.

"Hii ni sponji ya godoro?"

"Ndiyo."

"Sponji inakunywa maji, Kulwa."

"Maji yatapita wapi? Nje ni mwavuli."

"Na yakiingilia kwa juu?"

"Kwani tutaoga?" nikamjibu. (Hilo jibu nalikumbuka vizuri sana leo.)

Yeye si wa Kokoto, anaendesha peke yake, na alisema atavaa bukta yake ya zamani ya riadha. Nikamwambia shauri yake.

Sasa hapo ingekuwa ni habari ya watu watano tu. Lakini siku zile zile akaja kibandani Mama Anjela. Huyu ni mwenyekiti wa kwaya moja ya hapa mjini, mama mpole, anaongea taratibu, na akikutazama unajikuta unarekebisha kola. Kwaya inataka sare mpya. Watu arobaini. Kazi kama hiyo fundi wa kibanda anaipata mara moja, labda, akiwa na bahati. Na nilijua alikuwa ameshapita kwa fundi mwingine wa mtaa wa pili.

"Fundi, sitaki maneno," akaniambia. "Nataka kuona mkono wako. Nguo uliyoshona, imevaliwa, inafanya kazi."

Na mimi, kwa kinywa changu, bila kulazimishwa na mtu, nikasema: "Mama, njoo Jumapili Ntalikwa kwenye mbio. Utaona bukta tano nilizoshona zikipata shida zote za dunia, na hazitafumuka."

Akasema atakuja, na ataleta wanakwaya baada ya ibada, waone wote.

Jana Jumamosi tukazijaribu bukta kwenye lami, jua kidogo limetoka. Jamani, raha. Ilikuwa kama kukaa kwenye kochi linalotembea. Hamisi alizunguka mara tatu bila sababu. Akanishika mkono akasema, "Kulwa, Mungu akubariki." Nikarudi nyumbani nimevimba kichwa.

Halafu mvua ikanyesha usiku kucha.

Leo tunafika Ntalikwa, mashamba yamekuwa uji. Ule udongo mweusi wa mbugani, ukikanyaga unavuliwa kiatu. Kijito ambacho Jumatano kilikuwa cha kuruka, leo kinafika juu ya goti. Mzee Sizya, mwalimu mstaafu wa michezo ambaye ndiye mwandaaji na mtangazaji, alikuwa ameshapanga mabenchi ya watazamaji. Aliyapanga wapi? Ukingoni mwa kijito. Alisema hapo ndipo mahali pazuri pa kuona.

Kwaya ikaja na sare zao za zamani, wakakaa mabenchi yote ya mbele.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, fundi. Ndiyo hizo?"

"Ndizo zenyewe."

Akanizunguka. Akatazama mshono wa pembeni, akatazama lastiki. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeridhika. "Zimenona," akasema.

"Ni za kisasa, Mama."

Mzee Sizya akashika kipaza sauti. Akatukumbusha kwamba babu zetu walibeba pembe za ndovu mabegani kutoka hapa hapa mpaka pwani, kwa miguu, miezi na miezi. "Nyinyi baiskeli tu inawashinda?" Watu wakapiga makofi. Filimbi ikalia.

Raundi ya kwanza sitaki uongo, niliendesha vizuri. Magogo niliyaruka. Kwenye kijito nilibeba baiskeli begani, nikavuka kwa hatua ndogondogo, maji yakaishia mapajani, lastiki zikafanya kazi yake. Hakuna tone lililoingia. Nikatoka ng'ambo nikiwa wa tano kati ya watu kumi na tisa. Nikapita mbele ya kwaya, nikampungia Mama Anjela mkono. Akanipungia. Nikaanza kufikiria rangi ya vitambaa.

Raundi ya pili nikafika kijitoni na haraka ambayo si yangu. Baiskeli begani, mguu wa kwanza ndani ya maji, mguu wa pili ukakanyaga kitu chenye utelezi. Sikuanguka kwa kishindo. Nilikaa. Nilikaa polepole, baiskeli ikiwa begani bado, kama mtu anayekaa kwenye beseni, mpaka maji yakanifika kifuani.

Na maji yakaingilia kwa juu.

Niliyasikia yakiingia. Ni ubaridi fulani unaoshuka kiunoni na hauishi. Sponji ikaanza kunywa. Nikasema moyoni, inuka haraka. Nikainuka nusu, nikarudi chini. Nilihisi kama kuna mtu ndani ya maji amenishika kiuno. Nikainuka tena kwa nguvu zote, nikasimama, na ndipo nikaelewa nilichotengeneza. Kitambaa cha mwavuli hakipitishi maji. Hakipitishi kuingia, na hakipitishi kutoka. Lastiki mbili mbili zinazobana mapajani. Mishono mara tatu. Nilikuwa nimejishonea tangi.

Nikapanda ukingo kwa magoti. Nilipofika juu, nyuma yangu kulikuwa na kitu chenye ukubwa wa mto wa kulalia, na kingine mbele, na vyote viwili vilikuwa vinacheza. Kila hatua, *chwaka*. Nikajaribu kupanda baiskeli, mguu haukupita juu ya siti. Nikajaribu tena. *Chwaka, chwaka.*

Kwaya ilikuwa kimya. Watu arobaini wanaoimba kila Jumapili, hakuna aliyetoa sauti. Kisha mama mmoja wa benchi la pili akauliza kwa upole kabisa, "Fundi, umebeba nini?"

Nyuma yangu nikasikia maji yakipasuka. Hamisi naye alikuwa ameanguka, tena pale pale nilipoangukia. Hamisi si mtu mdogo. Alipoinuka, na bukta ile imejaa, nilisikia watu wakisogeza benchi nyuma.

"Kulwa," akaniita kwa sauti ya chini, "hii kitu inafunguliwaje?"

"Kwa kamba."

"Kamba imelowa. Fundo halifunguki."

Nikajaribu la kwangu. Halifunguki. (Na hata lingefunguka, mbele ya kwaya ningefanya nini?)

Wenzetu watatu wa Kokoto wakafika ng'ambo. Wakatuona. Wakashusha baiskeli chini, wakakunja mikono.

"Timu ya Kokoto, mbona mmegoma?" Mzee Sizya akauliza kwa kipaza sauti.

"Tunasubiri maelekezo ya fundi," wakajibu.

"Watazamaji tuwe watulivu," akasema Mzee Sizya. "Fundi ana tatizo la kiufundi."

Hapo akapita Doto. Alikuwa anaongoza, yupo raundi ya tatu, ametapakaa matope mpaka kwenye kope. Akavuka kijito kama hakipo. Aliponifikia alinitazama kuanzia juu mpaka chini, akauma mdomo, nikajua anajizuia.

"Unaumia?"

"Hapana."

"Basi nakuja nikimaliza." Akapanda baiskeli, akaondoka.

Aliyeinuka kunisaidia ni Mama Anjela mwenyewe. Akachomoa pini iliyoshikilia beji yake ya kwaya, akanijia taratibu, kama anavyofanya kila kitu.

"Geuka, mwanangu."

"Mama, hapana. Acha tu."

"Utatembea hivyo mpaka mjini? Geuka."

Nikageuka. Akatoboa mara moja, kwa nyuma, chini kidogo. Yakatoka matone. Akatoboa tena, na tena, na tena, pale pale. Matone. Akanihurumia. "Umechoka," akasema. "Hebu kaa kidogo kwenye benchi."

Nikakaa.

Naomba mnielewe. Sponji imejaa maji. Ukiikalia, maji yanatafuta pa kutokea. Na palikuwa na mahali pamoja tu pa kutokea, pamechaguliwa na Mama Anjela, nyuma, chini kidogo. Yalitoka kwa msukumo ambao sijawahi kuuona hata kwenye bomba la mjini. Na yalikuwa maji ya kijito cha Ntalikwa baada ya mvua ya usiku kucha. Yalikuwa ya kahawia. Yalitoka kwa sauti. Yakawapata waimbaji wa besi, benchi zima.

Wakati huo huo akawa anafika baba mmoja aliyechelewa, hajui lolote la kijito wala la sponji. Akasimama, akaniona nimekaa, akaona kinachotoka, akavua kofia.

"Poleni," akasema. "Ameanza kuharisha lini?"

Hapo ndipo kwaya ilipovunjika. Nasema ilivunjika, maana kuna mama alishuka kwenye benchi akakaa chini kwenye matope na nguo yake ya ibada. Mzee Sizya alisahau kuzima kipaza sauti, kwa hiyo tulimsikia shamba zima akicheka mpaka akakohoa. Hamisi, ambaye alikuwa anasubiri zamu yake ya pini, aliamua hapana, akaiacha baiskeli, akaelekea vichakani na hatua zake za *chwaka*. Hatukumwona kwa nusu saa.

Mimi nilibaki nimekaa. Ningeinuka ningeenda wapi? Na ukweli ni kwamba hata kuinuka nilikuwa naogopa, maana kila nikijitikisa yanatoka mengine. Nikasubiri mpaka bukta ikapungua. Kisha nikachukua baiskeli yangu, nikaendelea. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu kuondoka kungeonekana vibaya zaidi kuliko kubaki. Nikamaliza raundi ya pili, ya tatu na ya nne, nikivuja njia nzima. Kila nilipopita mbele ya mabenchi besi walijikinga. Nilikuwa wa mwisho, na mstari wa kumalizia ulikuwa umeshang'olewa, wakaurudisha.

Doto alishinda mbio. Alikuja na zawadi yake ya mchele begani, akanitafutia wembe, akakata ile kamba, akanivisha kanga kiunoni bila kusema neno. Alisubiri hadi tulipofika barabarani. Huko alisema yote.

Lakini kabla hatujaondoka, Mama Anjela aliniita. Alikuwa ameiokota ile bukta. Alikuwa ameigeuza ndani nje, anapitisha kidole kwenye mishono, mmoja baada ya mwingine.

"Hakuna hata uzi mmoja ulioachia," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Na kitambaa hakijavuja, ila hapa nilipotoboa mimi."

"Ndiyo, Mama."

Akafikiri. "Sare nitampa yule mwingine, fundi. Usinielewe vibaya. Kila nikiwaona wamevaa sare yako nitacheka, na mimi ndiye ninayeongoza sala ya kufungua. Lakini tunasafiri kwenda Igunga mwezi ujao, kwa gari la wazi, na turubai letu linavuja. Utatushonea turubai."

Nikakubali. Kesho nakwenda kulipima gari.

Basi, hayo ndiyo yaliyonipata. Najua video ipo, na najua baadhi yenu mmeshaiona kabla ya kusoma hapa. Sitamwomba mtu aifute, siwezi kushindana na mji mzima. Ombi langu ni dogo: mkiitazama, tazameni mshono.